Mpelelezi wa ridhaa: anapendwa kwa nini, na atasimamaje mtaani Dar?

Pindo_la_Kanga (mwanzisha mada)

Habari za jioni wadau wa vitabu.

Naomba msaada wa kiufundi. Kuna riwaya za upelelezi zisizo na risasi wala kufukuzana na magari. Tukio linatokea mahali padogo panapojulikana, damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji, na anayefumbua fumbo si askari, ni mtu wa kawaida mwenye macho na subira. Naziita riwaya za mpelelezi wa ridhaa, kama tunavyosema ngumi za ridhaa.

Muswada nilionao una mpelelezi ambaye ni fundi cherehani wa Magomeni, mama wa miaka 58. Umefika maneno 12,000 na mambo matatu yamekwama. Kwanza, akiulizauliza watu anaonekana mmbea tu. Pili, nikifika kwenye mauaji polisi wanachukua kila kitu, mama wa watu anabaki hana kazi. Tatu, simu: kila mtu anayo, kila muamala una ujumbe wake, fumbo linakwisha ndani ya sura mbili.

Hizi riwaya zinapendwa kwa lipi hasa? Na hilo linalopendwa linajengwaje hapa Dar bila kuonekana limeazimwa kutoka kijiji cha Uingereza?

KikoNaDaftari

Mkuu, hakuna haja ya kuazima, tunaye wa kwetu. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, si askari. Ana kiko chake, ana Najum wa kumuuliza yale ambayo msomaji angeyauliza, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ilichapishwa 1960. Majasusi wenye bastola na tiketi za ndege, akina Willy Gamba, walikuja baadaye. Kwa hiyo mpelelezi wa ridhaa si mgeni katika Kiswahili, ni mwenyeji aliyesahauliwa.

Anapendwa kwa sababu msomaji anapata nafasi ya kushindana naye. Jasusi tunamfuata tuone atatokaje hatarini, lakini ujuzi wake hatuna. Mpelelezi wa ridhaa anatumia vitu vilivyomo ndani ya nyumba ya msomaji: bakuli, ufunguo, pindo la nguo, tabia ya jirani. Miss Marple, bibi wa kijijini katika vitabu vya Mwingereza Agatha Christie, aliyeanza kwenye hadithi fupi 1927 na kuingia kwenye riwaya 1930, hana maabara. Anamtazama mtuhumiwa, anamkumbuka mtu fulani wa kijijini kwake aliyekuwa na mwenendo kama ule, basi. Ukifika ukurasa wa mwisho unajipiga kofi la paja: nilikiona, nikakipita! Hilo kofi ndilo linalouzwa.

Sasa fundi wako. Mmbea anatoa, mpelelezi anapokea. Pitia kila mazungumzo uhesabu: fundi asizidi theluthi ya maneno yanayosemwa, na alichoambiwa na mteja mmoja kisitoke mdomoni mwake mbele ya mteja mwingine hadi sura za mwisho. Halafu asiulize kwa kuuliza. Anapima nguo. Mtu aliyenyoosha mikono, amesimama wima, anapitishiwa futi kifuani, huongea mwenyewe.

Kazi yake impe ujuzi ambao kituo cha polisi hakina. Mfano ni daftari la vipimo. Mteja alipimwa Machi, kwa inchi: kifua 36, kiuno 30, mabega 15, mzunguko wa mkono 12. Juni kiuno kimefika 33, kifua 38, mabega na mkono vilevile. Anasema ni chapati. Fundi anajua unene wa chapati haubagui, humwendea mtu hata mkononi. Huyu ni mjamzito na anaficha. Msomaji ameonyeshwa namba zote mara mbili, hakuna kilichofichwa.

Mfano wa pili ni uzi. Uzi wa chini wa cherehani ukilegea kuliko wa juu, huvutwa ukajitokeza upande wa juu wa kitambaa kama vidoti. Kila mtaa una cherehani moja mbovu ambayo mwenyewe haijali. Fundi akiona vidoti vile kwenye mfuko, anajua umeshonwa kibaraza gani.

Na kwa kuwa jina lako ni pindo la kanga, usiache kanga ikapita bure. Doti huuzwa vipande viwili havijatenganishwa. Mnunuzi hukata mwenyewe, mkasi hupinda mahali, kisha kila kipande hupindwa. Kipande kimoja kikikutwa eneo la tukio na kingine kabatini kwa mtu, kufanana hakuthibitishi kitu, maana kanga ya aina ile iko kwa watu mia. Fundi afumue upindo wa vyote viwili, alaze kingo pamoja mezani. Pale mkasi ulipopinda vitaingiana. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na wembe, na hakuna askari atakayeifikiria.

Ukumbi_wa_Nyuma

Naongezea upande wa hesabu, maana maneno 12,000 bila mpango huwa yanageuka tope.

Kwa riwaya ya maneno 40,000 hivi, watuhumiwa watano au sita wanatosha. Wakiwa watatu msomaji anabahatisha. Wakizidi saba anachanganya majina, hasa ukiwa na Mwajuma, Mwanaidi na Mwanahamisi ndani ya kitabu kimoja. Badilisha herufi za mwanzo. Kila mtuhumiwa awe na siri yake, na siri tano kati ya sita zisihusiane na kosa. Mjamzito wa KikoNaDaftari ni mfano mzuri: anadanganya kweli, anaogopa kweli, lakini kosa si lake.

Tukio lenyewe lisipite neno la 5,000. Kabla ya hapo msomaji awe amewazoea watu na uchochoro wao, maana asipoupenda mtaa hatajali ukivurugika. Hapa ndipo waandishi wengi wanapokosea. Wanafungua na maiti ukurasa wa kwanza wakidhani wanamkamata msomaji, kumbe wamemwonyesha kifo cha mtu asiyemjua, katika mtaa asioujua.

Dalili ya kweli ionekane mara tatu kabla ya ufumbuzi, kila mara katika vazi tofauti. Namna tatu za kuificha zinafanya kazi:

- iweke katikati ya orodha, isiwe ya kwanza wala ya mwisho;
- mara tu baada yake lete jambo lenye kelele, ugomvi au mgeni au kicheko;
- ionyeshe katika sura ambayo msomaji anadhani inahusu jambo lingine.

Kuhusu haki kwa msomaji: Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, aliandika kanuni zake kumi 1929, na mbili ni za kubandika ukutani. Mpelelezi asitumie dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa, na mambo ya kimiujiza yasiwe jawabu. Huku kwetu ya pili inahitaji uangalifu. Watu wa mtaani wataenda kwa mganga, watasema ni majini, watamnyooshea kidole bibi wa watu. Waache waseme, usiwadharau, maana ndivyo hofu inavyokwenda mjini. Lakini mkono uliofanya uwe wa binadamu.

Mlinzi_wa_Zamu

Nijibu suala la polisi. Ukiweka mauaji, huwezi kuwakwepa na wala usijaribu. Jambo likitokea mtaani linapita kwa mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kituoni, ambako mlalamikaji anapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa. Kifo cha mashaka, mwili unakwenda kwa uchunguzi hospitalini. Fundi cherehani haingii eneo lile, hagusi kitu, hahoji mtu. Na kosa moja naliona kwenye miswada mingi: PF3 ni fomu ya polisi ya majeruhi kwenda kutibiwa, usimwandikie marehemu.

Ushauri wangu ni kubadili kosa. Riwaya hizi hazilazimiki kuwa na maiti. Chukua kikundi cha kuweka na kukopa. Ni duara lililofungwa ambalo Dar tumelijenga wenyewe: watu 22 wanaojuana kwa majina ya watoto wao, wanakutana siku moja, saa ileile, kibaraza kilekile. Fedha zikipotea, wanakikundi wenyewe hawataki polisi, maana wanaona aibu na wanaogopa kikundi kitavunjika. Hapo fundi anapata kazi kwa haki kabisa, na anapewa na kikao.

Tazama vifaa. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao, kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, unakaa kwenye kifuko chake cha kitambaa. Wahesabuji wawili wanahesabu hadharani, salio linatangazwa, wanachama wanalikariri ili kikao kijacho waseme wenyewe kabla sanduku halijafunguliwa.

Weka namba ndogo zinazohesabika: hisa shilingi 2,000, siku hiyo zimenunuliwa hisa 71, jumla 142,000. Mfuko wa jamii shilingi 500 kwa kila mtu, watu 22, jumla 11,000. Kikao kimeingiza 153,000. Juu yake kuna akiba ya miezi kumi na mikopo iliyorejeshwa yote, kwa sababu wiki ijayo wanavunja kikundi na kugawana. Mwizi hawezi kuchagua wiki nyingine, ndiyo hii sanduku limejaa.

Kikao kijacho kufuli zote tatu nzima, sanduku halina mkwaruzo, ndani kuna karatasi zilizokatwa kwa kipimo cha noti.

Msomaji atahangaika na funguo. Mwache. Mpe na bawaba za nyuma, maana sanduku la bei nafuu bawaba zake zina pini inayotoka kwa msumari na nyundo, hivyo kufuli hata kumi hazisaidii. Fundi atakagua bawaba na kukuta kutu ya zamani haijabanduka, njia hiyo inafungwa. Maneno 15,000 yanakwenda hapo bila shida.

Jawabu ni kwamba fedha hazikuibwa kwenye sanduku. Mifuko ilibadilishwa mezani, kabla ya kufunga. Mwizi alishona mifuko ya bandia, akakata karatasi sawa na noti, akapima hata unene. Alichosahau ni sarafu. Wanachama 22 walichangia shilingi 500 kila mmoja, na wengi walitoa sarafu. Sanduku lenye sarafu likibebwa hulia. Jioni ile halikulia.

KikoNaDaftari

Mlinzi, hapo umemaliza. Na mifuko ya bandia imeshonwa kwa cherehani ipi? Ile yenye uzi wa chini uliolegea. Dalili moja ya sikio, moja ya jicho, zinakutana kwa mtu mmoja.

Mzizi_Mkavu

Siafiki kuondoa maiti moja kwa moja. Wizi wa kikundi unaumiza, lakini kifo kinawakusanya watu kwa namna ambayo hakuna kingine kinaweza, na kwetu kina ratiba yake tayari. Marehemu Mwislamu huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo. Kama aliyekufa ni mzee wa miaka 80 na hakuna aliyeshuku, kufikia Magharibi ushahidi umo kaburini, na kufukua kunataka amri ya mahakama. Fundi aliyeona jambo wakati wa kushona sanda anabaki nalo peke yake. Halafu kuna kuanua tanga siku ya tatu, na arobaini. Siku 40 ndiyo urefu wa riwaya yako. Ndugu wote watarudi kwenye uwanja uleule, chini ya turubai lilelile, bila mpelelezi kulazimika kuwaita sebuleni.

Kwa atakayechagua sumu: Christie alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na riwaya yake ya kwanza, 1920, ilisifiwa na jarida la wafamasia kwa usahihi wa dawa. Hakufundisha mtu kuua. Alijua dawa zilizochanganywa zinavyotenda, akajenga muda juu yake. Asiye na ujuzi huo aache sumu. Sumu ya kubuni isiyo na jina inavunja mapatano na msomaji palepale.

Mlinzi_wa_Zamu

Nakubali kuhusu arobaini, ni mpango mzuri sana. Ila fundi cherehani hashoni sanda. Sanda hukatwa na waoshaji na hufungwa, si nguo ya cherehani. Msomaji wa Magomeni ataifunga riwaya hapo.

Mzizi_Mkavu

Kweli, nimekosea. Basi ajue kwa njia ya nguo za marehemu zinazogawiwa baada ya msiba.

Saa_Sita

Simu bado haijajibiwa. Usiizime. Waandishi wanakata umeme, wanamaliza chaji, wanaangusha simu chooni, na mara ya pili msomaji ameshachoka. Iache simu iseme ukweli wote, kwa sababu ukweli wake ni wa simu, si wa mtu. Ujumbe wa muamala unasema fedha zilitoka saa ngapi. Hausemi nani alishika simu, na nyumba ambazo namba ya siri inajulikana na watoto wote ni nyingi.

Luku, umeme wa kulipia kabla, ni bora zaidi. Anayelipa anapata ujumbe wenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, lakini mita yenyewe ina namba yake. Mume ananunua umeme kila mwezi kwa mita mbili wakati nyumba yake ina moja. Fundi hahitaji kushika simu ya mtu: namba ya mita ya pili imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti ya kitambaa. Hapo siri ya nyumba ya pili iko wazi, na inawapoteza wasomaji kwa sura nne nzima.

Jambo la saa linapatikana kwetu, Mwingereza hawezi kulitumia. Mashine za risiti zinaandika 19:40, mtaa unasema saa mbili kasoro dakika ishirini. Kijana aliyekulia nje anasema "nilifika saa nane usiku" akimaanisha saa mbili yetu. Wote wanaelewa usiku wa manane, na ushahidi wake unampa mtu mwingine kinga ya saa sita nzima. Ili iwe haki, mwonyeshe akikosea hivyohivyo mapema kwenye jambo dogo, mathalani anaalikwa chai "saa mbili", ya asubuhi, naye anakuja saa nane watu wameshapika mchana.

La mwisho linamfaa fundi kabisa, liandikwe polepole. Risiti ya mashine haina wino. Karatasi yenyewe hugeuka nyeusi ikipata joto. Mtuhumiwa anatoa risiti mfukoni mwa suruali: huyu hapa, Jumanne saa 19:40 nilikuwa Mbagala nanunua rangi, na suruali ni hii hii, risiti haijatoka mfukoni. Risiti inasomeka vizuri, herufi zote. Lakini suruali ile fundi aliipiga pasi mwenyewe Jumatano asubuhi, pasi ya mkaa, mifuko na yote. Risiti iliyokuwa mfukoni Jumanne ingekuwa nyeusi kama masizi. Hii imewekwa baadaye, na ameipata kwa mtu. Usimfanye fundi aeleze. Achukue risiti yoyote dukani, ailaze juu ya meza, ashushe pasi mbele ya kikao kizima.

Pindo_la_Kanga

Nimewaelewa, asanteni sana. Nachukua sanduku, na ile risiti inaingia kama kinga ya mhesabuji wa pili. Arobaini naihifadhi kwa kitabu kingine.

Niliogopa kwamba sanduku kutolia kutaonekana mno. Nimeandika hivi:

"Shabani alilitwika sanduku begani, akaruka mfereji, akateleza, ndala ya kushoto ikamvuka. Ajabu, sanduku halikutoa sauti yoyote."

Ukumbi_wa_Nyuma

"Ajabu" inamwamsha msomaji. Usimwambie kisichosikika, mwambie kilichosikika:

"Shabani alilitwika sanduku begani, akaruka mfereji, ndala ya kushoto ikamvuka. Uchochoro mzima ulisikia ile ndala ikipiga maji, na Bibi Zuhura akacheka hadi akashika ukuta."

Kicheko kinakuja juu yake kama nilivyosema. Lakini hii pekee haitoshi, lazima msomaji awe ameshalisikia sanduku likilia. Rudi sura ya pili, kwenye kikao cha wiki iliyotangulia.

KikoNaDaftari

Na huko sura ya pili asiandike kwamba sarafu zinalia. Shabani anapita na sanduku, watoto wanaocheza rede wanaliigiza: chaka-chaka-chaka, kama kayamba. Mmoja anaanza kucheza ngoma nyuma yake, mama yake anamwita akaoge.